Kontena Katika Kompyuta na Milango Yake

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, baada ya chakula cha mchana. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wa zamani mliokubali kuja, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita mlioketi kule nyuma karibu na mlango wa jiko:

Mara ya mwisho niliposimama mahali hapa nilikuwa nimeitwa kueleza ni nani aliyevunja kioo cha dirisha lile, na maelezo yangu siku ile hayakumridhisha mtu. Natumaini leo nitafaulu zaidi.

Barua ya Katibu iliniomba niseme juu ya kompyuta. Kompyuta ni pori kubwa, na mtu akijaribu kulitembea lote kwa nusu saa atapotea yeye na waliomfuata. Kwa hiyo nimeamua kufuata njia moja nyembamba. Nitasema jinsi poti za kontena zinavyounganishwa na poti za mashine iliyolibeba kontena hilo. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wenu mlioko nyuma mtakuja kula mkate wenu kwa kazi hii, na jambo hili ndilo linalowatoa jasho wanaoanza. Ya pili ni kwamba jambo hili dogo liliwahi kunitia aibu, na kuwatia hasara watu ambao hawakunikosea lolote. Mmoja wao yumo humu ndani. Nitalifikia hilo.

KONTENA NI NINI

Sote tunalijua kontena la bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani aitwaye Malcom McLean, tajiri wa malori, alipakia masanduku 58 ya chuma katika meli Ideal X huko Newark, nayo ikayapeleka Houston. Kabla ya hapo makuli walipakia mzigo gunia kwa gunia na pipa kwa pipa, na meli ikakaa gatini siku nyingi. Faida ya sanduku lile ni kwamba winchi, lori na meli havina haja ya kujua ndani mna nini. Iwe kahawa, iwe baiskeli, sanduku ni lile lile na pembe zake za kushikia ni zile zile.

Waandishi wa programu walikuwa na taabu inayofanana na ya makuli. Programu ilifanya kazi vizuri kwenye meza ya aliyeiandika, lakini ikipelekwa kwenye mashine nyingine inakataa, kwa sababu kule kuna toleo jingine la kitu fulani inachokitegemea. Dawa iliyopatikana ni kuifunga programu pamoja na vyote inavyovihitaji, kisha kuiendesha katika chumba chake yenyewe, isiwaone majirani. Wazo hili halikuzaliwa jana. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata amri ya chroot, ambayo huionyesha programu sehemu moja tu ya mafaili. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ukaleta vyumba vilivyoitwa jela. Baadaye kiini cha Linux kikaongezewa, kimoja baada ya kingine, viambaza vya kuitenga programu na wenzake, kikiwamo kiambaza cha mtandao. Mwezi Machi 2013 Solomon Hykes alisimama kwa dakika chache mbele ya mkutano wa mafundi huko Santa Clara, California, akaonyesha chombo kiitwacho Docker, kilichofanya kazi hiyo yote kwa amri moja fupi. Tangu siku hiyo neno kontena likaenea katika kazi yetu, na alama ya Docker yenyewe ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni.

Vijana, shikeni jambo moja. Kontena si kompyuta kamili. Makontena yote yaliyo katika mashine moja hutumia kiini kimoja cha Linux, kama mabweni yetu yote yalivyotumia tangi moja la maji. Lakini kila bweni lina kuta zake. Na katika yale ambayo kontena hutengewa, mojawapo ni mtandao: lina anwani yake, lina njia zake, na lina poti zake. Mashine inayoyabeba makontena hayo tutaiita mashine mwenyeji.

POTI NI NINI

Neno poti linapotosha. Ukisikia kontena, kisha ukasikia poti, mawazo yanakimbilia bandarini. Katika kompyuta, poti ni mlango, au niseme vizuri zaidi, ni kishubaka cha barua.

Mashine moja ina anwani, lakini ndani yake zinafanya kazi programu nyingi. Habari ikifika kutoka nje, apewe nani? Kwa ajili hiyo kila kifurushi cha habari huandikwa anwani ya mashine na pia namba ya kishubaka. Namba hiyo hukaa katika biti 16, na kwa hiyo zipo namba 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535. Nyingine zina wenyewe kwa mapatano ya dunia nzima. Namba 80 ni ya kurasa za tovuti. Namba 443 ni ya kurasa hizo hizo zikisafirishwa kwa siri. Namba 5432 ni ya hazina ya kumbukumbu iitwayo PostgreSQL. Namba 22 ni ya SSH, programu ambayo fundi huitumia kuingia katika mashine iliyo mbali bila wasikilizaji wa njiani kuyajua anayoyasema. Mwandishi wake, Tatu Ylönen wa Finland, aliiomba namba hiyo mwaka 1995 kwa kuwa ilikuwa wazi katikati ya 21 na 23, namba za programu mbili za zamani alizotaka kuziondoa kazini. Akapewa.

Kanuni ya vishubaka ni moja: katika anwani moja, kishubaka kimoja kwa kawaida hakikaliwi na programu mbili kwa wakati mmoja.

DAFTARI LA KIRANJA WA BARUA

Sasa wenzangu wa zamani nisaidieni kukumbuka. Shule nzima hii ilikuwa na sanduku moja la posta. Tulikuwa na mabweni manne, na katika kila bweni vitanda vilihesabiwa kuanzia namba 1. Kwa hiyo kitanda namba 12 kilikuwapo Mirambo, kilikuwapo Mkwawa, kilikuwapo Kinjekitile, na hakuna aliyegombana na mwenzake, kwa kuwa kila bweni lina kuta zake. Lakini mtu wa nje akiandika tu "Kitanda namba 12", barua yake haina pa kwenda.

Tuseme basi kiranja wa barua alikuwa na daftari lenye safu mbili. Safu ya kushoto ina namba ambayo mtu wa nje anaiandika juu ya bahasha, pamoja na sanduku la posta la shule. Safu ya kulia ina jina la bweni na namba ya kitanda. Mstari mmoja unasema: 8080, Mirambo, kitanda 80. Mstari wa pili unasema: 8081, Mkwawa, kitanda 80. Barua ikifika, kiranja anaangalia namba ya bahasha, anaifuta, anaandika bweni na kitanda, kisha anaipeleka. Na yule wa kitanda 80 akijibu, kiranja anaandika juu ya bahasha anwani ya shule na namba 8080, kwa sababu huko nje hakuna mtu wa posta anayelijua bweni la Mirambo.

Hiyo ndiyo kazi yote. Sasa tuiseme kwa lugha ya mafundi.

Docker inapowekwa katika mashine ya Linux, hujenga daraja la mtandao liitwalo docker0. Kwa kawaida daraja hilo hupewa anwani 172.17.0.1, na makontena yanayofungwa juu yake hupewa 172.17.0.2, 172.17.0.3 na kuendelea. Kila kontena huunganishwa na daraja kwa waya usioonekana wenye ncha mbili: ncha moja imo ndani ya kontena, ya pili iko darajani. Anwani hizo ni katika zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani, na hazisafirishwi katika intaneti. Ndiyo yale mabweni ambayo mtu wa posta hayajui.

Kama unataka watu wa nje waifikie tovuti iliyomo katika kontena, unaandika mstari mmoja katika daftari wakati wa kuliwasha kontena:

-p 8080:80

Namba ya kushoto ni ya mashine mwenyeji. Namba ya kulia ni ya kontena. Kushoto nje, kulia ndani. Kijana atakayeondoka hapa na maneno hayo manne hakupoteza mchana wake.

Kontena la pili lenye tovuti nyingine nalo laweza kusikiliza poti 80 ndani yake bila ugomvi, mradi huku nje ulipe namba nyingine, mathalani -p 8081:80. Ukijaribu kulipa 8080 tena, mashine itakataa na kusema kwamba poti hiyo imekwisha chukuliwa. Na ukisha kuliunda kontena, mistari yake ya daftari haibadilishwi. Ukitaka kuibadili unaliondoa na kuliunda upya.

Ndani ya Linux daftari lenyewe huandikwa katika kanuni za chombo kinachoitwa iptables. Kifurushi kinapofika mlangoni mwa mashine kikiwa na namba 8080, kabla mashine haijaamua kiende wapi, kanuni hubadilisha anwani kiendako, kikawa chaenda 172.17.0.2 poti 80. Ndipo mashine inapotazama na kusema, "Hiki si changu mimi, hiki kinapita tu," ikakivusha darajani. Jibu likirudi, mashine inakumbuka mabadiliko iliyoyafanya, nayo inayarudisha kinyume, na yule wa nje anaona amejibiwa na mashine mwenyeji kwa poti 8080. Nawaomba mkumbuke yale maneno, "hiki kinapita tu". Yatatuletea msiba hivi punde.

MAKOSA YA KILA SIKU

Kabla ya msiba, nitaje makosa madogo ambayo nimeyaona kwa vijana ninaofanya nao kazi, na ambayo mimi mwenyewe niliyafanya yote.

La kwanza ni kudhani kwamba neno EXPOSE katika karatasi ya maelezo ya kontena hufungua mlango. Halifungui kitu. Ni kibandiko tu kinachomwambia msomaji kwamba programu hii husikiliza poti fulani. Mlango hufunguliwa na -p.

La pili linahusu anwani 127.0.0.1, ambayo maana yake ni "mimi mwenyewe". Katika kontena, "mimi mwenyewe" ni kontena, wala si mashine mwenyeji. Mtu anaweka tovuti katika kontena moja na hazina ya kumbukumbu katika jingine, anaiambia tovuti iitafute hazina kwa 127.0.0.1, kisha anashangaa haionekani. Ni kama kumtafuta mtu wa Mkwawa chini ya kitanda chako huko Mirambo.

La tatu ni ndugu yake. Programu iliyomo ndani ya kontena ikiwa inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, inamsikia mtu wa humo humo tu. Hata ukiandika -p kwa usahihi, barua itafika bwenini na hakuna atakayeipokea. Ndani ya kontena programu isikilize 0.0.0.0, maana yake anwani zote.

La nne ni kusahau kwamba zipo namna mbili za kusafirisha, TCP na UDP, na kila moja ina vishubaka vyake. Usiposema, Docker hudhani unataka TCP. Anayeendesha huduma ya majina kwa poti 53 inambidi aandike pia -p 53:53/udp.

La tano ni kufungua milango isiyohitajika. Makontena yaliyowekwa katika mtandao mmoja uliouunda mwenyewe huitana kwa majina, na hutumia poti za ndani. Tovuti inaiita hazina kwa jina lake na namba 5432, na daftari la kiranja halihusiki hata kidogo. Barua kutoka Mirambo kwenda Mkwawa haikupita posta.

Kosa hili la tano ndilo lililonifikisha nilikokwenda.

KOSA LANGU

Mwaka 2019 nilipewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo cha walimu. Sitakitaja jina, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Chama kilikuwa kinaandika hesabu zake kwa mkono na katika karatasi za mahesabu, nami niliwajengea mfumo: kontena moja la tovuti, kontena moja la hazina ya PostgreSQL, katika mashine ya kukodi yenye anwani ya intaneti. Kazi ilikwenda vizuri. Walimu waliweza kuona akiba yao kwa simu, na nikapewa mkono wa pongezi mbele ya mkutano wao.

Nilitaka kuiangalia hazina nikiwa mezani kwangu nyumbani, basi nikaandika -p 5432:5432. Neno la siri la hazina lilikuwa jepesi, la majaribio, ambalo nilikusudia kulibadili. Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa nilikuwa nimeweka ulinzi wa lango, ule ambao mafundi huuita faiwoli, na nilikuwa nimeuamuru ukubali poti tatu tu: 22, 80 na 443. Niliuliza hali ya ulinzi, ukanijibu kwa orodha safi. Poti 5432 haikuwamo. Nikalala.

Hebu turudi kwenye barua. Mnakumbuka kwamba mwalimu wa zamu alikuwa akizikagua barua ofisini. Sasa tuseme kiranja wetu alizipokea barua barazani, akazigawa hapo hapo, zile za mabweni akazipeleka mabwenini, na zile za ofisi tu ndizo zikaingia ofisini kwa mwalimu. Mwalimu akiulizwa angesema kwa kweli kabisa, "Hakuna barua mbaya iliyopita mezani kwangu." Naye hasemi uongo. Ila za mabweni hazikupita mezani kwake.

Ndivyo ilivyo. Kanuni nilizoziweka zilikuwa za vifurushi vinavyokuja kwa mashine yenyewe. Lakini kanuni za Docker hubadilisha anwani ya kifurushi mapema, hapo barazani, na mashine ikisha kusema "hiki kinapita tu", kifurushi kinafuata njia ya wapita njia, ambako ulinzi wangu haukuwa na neno. Isitoshe, ukiandika -p bila kutaja anwani, Docker huufungua mlango huo katika anwani zote za mashine. Orodha yangu safi ilikuwa kweli, na mlango ulikuwa wazi kwa dunia nzima.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuzunguka intaneti na mashine zao wakigonga kila mlango wa kila anwani. Jumatatu moja asubuhi karani wa fedha alinipigia simu, akaniambia orodha ya wanachama haionekani. Nilipofungua hazina nilikuta imefagiwa, na mahali pake pameachwa ujumbe wa mistari michache unaodai fedha ili vitu virudishwe. Chama hakikulipa, nami niliwashauri wasilipe.

Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Yule karani wa fedha, mama mtu mzima, alikuwa amekataa tangu mwanzo kuacha stakabadhi zake za karatasi zenye kopi ya kaboni, na mimi nilikuwa nikimtania juu ya jambo hilo. Vitabu vyake ndivyo vilivyotuokoa. Tulikaa watu sita kwa siku tisa tukirudisha stakabadhi moja moja. Akiba zote zilipatikana, mpaka shilingi ya mwisho. Kitu ambacho hatukuweza kukirudisha ni siri: yeyote aliyefagia hazina ile aliweza kusoma majina ya watu na fedha zao, na chama kilimwandikia kila mwanachama barua ya kumweleza hivyo. Barua hizo niliziandika mimi.

Katika siku hizo tisa hapakutolewa mkopo hata mmoja. Mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekubaliwa mkopo wa kulipia operesheni ya mkewe, na idhini yake ilipotea pamoja na vingine. Alikuja ofisini siku ya tatu, akanikuta nimezungukwa na vitabu vya stakabadhi. Alikuwa amenifundisha hesabu katika shule hii, katika darasa lile la pili kutoka kwenye kengele. Ameketi hapa mbele, na ameniruhusu nisimulie. Shikamoo tena, Mwalimu.

Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na orodha yangu safi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Uliujaribu huo mlango ukiwa nje?" Nikasema hapana. Akanyamaza. Wale mliosoma kwake mnajua ukimya huo. Darasani hakuwa anakupa alama zote kwa jibu sahihi mpaka ulirudishe kwenye mlinganyo na kuonyesha kwamba pande mbili zinalingana. Alikuwa akisema jibu lisilohakikishwa ni kisio. Nilipata kisio, nikalitia sahihi, na mke wake akasubiri siku tisa. Operesheni ilifanyika baadaye na mama akapona, kwa hiyo naweza kusimama hapa na kusimulia. Ingekuwa vingine, sijui kama ningekubali mwaliko wa Katibu.

MAMBO YA KUSHIKA

Vijana, sitaki mwondoke na hadithi bila dawa.

Kwanza, usifungue mlango usiohitajika. Hazina ya kumbukumbu inayotumiwa na kontena jirani haihitaji -p. Waache waitane kwa majina ndani ya mtandao wao.

Pili, kama ni lazima uifikie hazina kutoka katika mashine mwenyeji, taja anwani: -p 127.0.0.1:5432:5432. Hapo mlango unafunguliwa kwa mashine yenyewe tu, na wewe ukiwa mbali utaingia kwanza kwa SSH, kisha upitie humo. Lakini angalieni toleo la Docker. Katika matoleo yaliyotangulia 28.0, lililotoka mwaka 2025, mashine nyingine zilizo katika mtandao huo huo wa jirani ziliweza kuufikia hata mlango uliofungwa kwa 127.0.0.1. Mwenye toleo la zamani na alibadili.

Tatu, kama unataka kuzuia wapita njia, kanuni zako ziweke njiani mwao. Docker imeacha mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, mnyororo wa kanuni uitwao DOCKER-USER, na kifurushi hupita hapo kabla ya kanuni za Docker zenyewe kukikubali. Vilevile wakodishaji wengi wa mashine wana ulinzi unaokaa nje ya mashine kabisa, na huo Docker haiugusi.

Nne, jifunzeni kusoma daftari. Amri ya docker ps huonyesha mstari kama huu: 0.0.0.0:8080->80/tcp. Ukiona 0.0.0.0 upande wa kushoto, ujue mlango unatazama barabarani. Ukiona 127.0.0.1, unatazama uani. Ukiona 80/tcp peke yake bila mshale, ni kibandiko tu, hakuna mlango.

Tano, na hili ndilo la Mwalimu: toka nje ukatikise mlango. Usitosheke na kuiuliza mashine kama imefunga. Chukua simu yako, tumia mtandao wa simu, au kopa kompyuta ya mtu mwingine mahali pengine, ujaribu kuingia. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Mimi niliziokoa dakika hizo tano, nikazilipa kwa siku tisa za watu sita na kwa usingizi wa mgonjwa.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia kwamba shule sasa inataka kuweka kumbukumbu zetu sisi wanafunzi wa zamani katika mashine, pamoja na michango ya ukarabati wa bwalo hili. Ni jambo jema, nami niko tayari kusaidia bila malipo. Naomba masharti mawili tu. La kwanza, Mhasibu aendelee kutunza vitabu vyake vya stakabadhi. La pili, siku nitakaposema kazi imekwisha, apatikane kijana mmoja wa Kidato cha Sita atoke hadi barabarani, na simu yake mkononi, ajaribu kuingia. Akiingia, msinipe mkono wa pongezi.